AdSense, kamisheni, matangazo ya wenyeji au bidhaa yako: blogu changa ianze na ipi?

Mwenye blogu mpya akiuliza apate wapi pesa, jibu la kwanza analopewa huwa AdSense, mpango wa Google unaokulipa kwa matangazo inayoyaweka kwenye blogu yako. Kwa blogu ambayo kurasa zake hufunguliwa mara laki mbili kwa mwezi, jibu hilo ni sahihi. Kwa blogu ambayo kurasa zake hufunguliwa mara elfu tatu, linamfanya mtu asubiri miaka, akate tamaa na kuacha kuandika, ilhali wateja walikuwepo tangu mwezi wa pili. Msimamo wetu ni kwamba mpangilio uliozoeleka umegeuzwa kichwa chini. Bloga mchanga anayeandika kwa Kiswahili aanze na pesa inayotoka kwa watu anaoweza kuwapigia simu. AdSense ije wasomaji wakishakuwa wengi.

Tutalinganisha njia zote kwa kutumia blogu moja ya mfano. Inafundisha ufugaji wa kuku wa kienyeji na chotara, ina makala 30, na kurasa zake hufunguliwa mara 3,000 kwa mwezi, karibu zote kwa simu. Wasomaji wengi wako Tanzania, wachache Kenya. Pale tunapokadiria, tutasema tunakadiria. Weka namba zako badala ya zetu na hesabu itakuwa yako.

| Njia | Inafaa ukiwa na | Pesa ya kwanza huja | Hukwamia wapi |
|---|---|---|---|
| AdSense | Kurasa 100,000 na zaidi kwa mwezi, nyingi kutoka Google | Salio likifika dola 100 | Makala za kunakili, kubofya matangazo yako, barua ya PIN isiyofika |
| Kamisheni | Makala zinazosomwa na mtu anayekaribia kununua | Mwezi mmoja hadi mitatu baada ya mauzo | Bidhaa haimfikii msomaji, au anainunua kwingine |
| Tangazo la mfanyabiashara wa hapa | Kurasa 1,000 kwa mwezi, mada moja | Siku mliyokubaliana | Huna takwimu za kumwonyesha, au mwenye tangazo ni tapeli |
| Bidhaa au huduma yako | Swali lilelile linaloulizwa kila wiki | Siku hiyohiyo, kwa simu | Umeandaa kitu kinachopatikana bure |

AdSense

Anza na hesabu. AdSense hukuonyesha namba iitwayo RPM, yaani mapato kwa kila kurasa 1,000 zilizofunguliwa. Nafasi za matangazo huuzwa kwa mnada, na kampuni zinazomgombania msomaji wa Mbeya ni chache kuliko zinazomgombania msomaji wa Toronto, kwa hiyo RPM ya wasomaji wa kwetu huwa ndogo. Tukadirie dola 1, tena kwa ukarimu. Kurasa 3,000 zinakupa dola 3 kwa mwezi. Malipo hayatoki mpaka salio lifike dola 100. Hiyo ni miezi 34, karibu miaka mitatu, kabla ya kushika senti ya kwanza. RPM ikiwa nusu dola, ongeza mara mbili.

Upande wa pili wa hesabu hiyo unaonyesha AdSense inamfaa nani. Tovuti inayoeleza matokeo ya mitihani ya NECTA, nafasi za ajira au mikopo ya wanafunzi ya HESLB hupata maelfu ya watu kwa siku msimu ukifika, na watu hao hawaji kununua chochote. Wanataka taarifa, wanasoma, wanaondoka. Kwa tovuti ya namna hiyo huna cha kuwauzia, lakini una macho mengi, na macho mengi ndiyo bidhaa ya AdSense.

Ukiamua kuomba, angalia kwanza orodha ya lugha zinazotumika kwenye kurasa za msaada za AdSense, halafu uhakikishe una umri wa miaka 18. Blogu ya Blogspot inaweza kuombewa ikiwa na anwani yake ya bure. WordPress uliyoisakinisha kwenye hostingi yako inahitaji domeini yako mwenyewe. Mpango wa bure wa WordPress.com haukuruhusu kuweka msimbo wa AdSense, jambo ambalo wengi huligundua baada ya kuandika makala hamsini huko.

Sababu inayoangusha maombi mengi ni ile Google inayoiita maudhui ya thamani ndogo. Hakuna idadi rasmi ya makala inayotakiwa. Kinachoangaliwa ni kama kurasa zako zina kitu kisichopatikana kwingine. Makala za maneno 200 zilizotolewa magazetini hukataliwa hata zikiwa mia. Weka ukurasa unaoeleza wewe ni nani, ukurasa wa mawasiliano na sera ya faragha. Futa kategoria zilizo tupu, na usiombe blogu ikiwa bado na vitufe visivyoelekeza popote.

Ukikubaliwa, weka faili la ads.txt, linalotaja aliyeruhusiwa kuuza nafasi zako za matangazo, kwenye mzizi wa tovuti, yaani folda yake kuu. Ni mstari mmoja tu:

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Sifuri hizo 16 ndizo za kubadilisha, uweke namba yako ya mchapishaji. Sehemu ya mwisho huachwa ilivyo. Watu hukosea kwa kuliweka faili ndani ya folda ya makala, au kwa kuacha nukuu zilizopinda walizonakili kutoka WhatsApp. Lifungue kwa simu kupitia jinalako.com/ads.txt, mstari ukionekana mtupu bila mapambo, umefaulu.

Salio likifika dola 10, Google hutuma PIN, yaani namba ya kuthibitisha anwani yako, kwa barua ya posta. Hapa ndipo Afrika Mashariki hukwama. Anwani ya aina ya "nyuma ya soko, nyumba ya geti jekundu" haimsaidii mtu wa posta. Andika S.L.P. kamili na mji, na kama sanduku ni la kazini au la shule, andika jina la taasisi kwenye mstari wa pili. Barua huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Isipofika, omba nyingine kwenye akaunti. Usipoingiza PIN ndani ya miezi minne tangu ya kwanza ilipotolewa, matangazo husimama. Jina la akaunti lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho na la benki, kwa sababu tofauti ndogo tu huweza kuzuia malipo. Utajaza pia fomu ya kodi ya Marekani. Kwa mtu binafsi asiye Mmarekani ni W-8BEN.

Malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata ule ambao salio lilivuka dola 100. Pesa inapokuja benki kwa uhamisho wa kimataifa, utahitaji msimbo wa SWIFT, na benki nyingi hukata ada ya kupokea. Ulizia ada hiyo mapema. Ikiwa ni kubwa, pandisha kiwango cha malipo kwenye akaunti yako ili pesa ije mara chache ikiwa nyingi.

Kosa linaloua akaunti nyingi za wanaoanza ni kuomba marafiki wa kwenye grupu "wabofye kidogo". Google huona mibofyo inayotoka kwa watu walewale, mtaa uleule, muda uleule. Akaunti hufungwa na pesa iliyokuwemo hurudishwa kwa wenye matangazo. Usibofye tangazo lako hata kwa kulijaribu.

Kuna jambo la ufundi ambalo wengi hawaliangalii. Tangazo likichelewa kushuka, maandishi husukumwa chini msomaji akiwa katikati ya sentensi, naye hubofya asichokusudia au huondoka. Google hupima msukosuko huo kwa kipimo kiitwacho CLS na inataka uwe 0.1 au chini yake. Dawa yake ni kulitengea tangazo nafasi mapema: zungushia msimbo wa tangazo kisanduku chenye min-height:280px, yaani kimo kisichopungua pikseli 280. Ukitumia matangazo ya kujipanga yenyewe, punguza idadi yake na uzime yale yanayofunika skrini nzima kwenye blogu ya mafunzo. Mfugaji mwenye kifaranga mgonjwa mkononi hana subira nayo. Kumbuka pia kwamba Opera Mini, inayotumiwa na watu wengi wanaobana bando, ina kizuia matangazo ndani yake. Takwimu za blogu zitasema kurasa 3,000, AdSense itahesabu pungufu.

Ukiwa na wasomaji wa Uswahilini walioko London au Hamburg, washa ujumbe wa ridhaa kwenye sehemu ya faragha ya AdSense. Tangu tarehe 16 Januari 2024 Google inataka ridhaa hiyo, kupitia mfumo ilioidhinisha, kwa wasomaji walioko nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya na Uingereza.

Mitandao mbadala kama Adsterra hukubali blogu ndogo na kiwango chake cha kulipa ni cha chini. Inajulikana kwa matangazo yanayofungua dirisha jipya bila msomaji kuomba, na kamari imo. Kwa blogu inayotaka kuaminiwa na wafugaji, hatuishauri.

Kamisheni

Hapa wewe ni dalali wa mtandaoni. Unaweka linki yako maalumu, msomaji ananunua, muuzaji anakupa asilimia. Ubora wake ni kwamba huhitaji wasomaji wengi, ila wanaokuja wawe karibu kununua. Makala ya "Jinsi ya kulea vifaranga" haiuzi kitu. Makala ya "Inkubeta ya mayai 60 au ya 120: ipi kwa mwenye umeme wa kukatika?" inauza, kwa sababu anayeisoma tayari ana pesa mfukoni na ana wasiwasi.

Tukadirie. Watu 1,000 wasome makala hiyo, 50 wabofye linki, wawili wanunue bidhaa ya shilingi 15,000 za Kenya kwa kamisheni ya asilimia 4. Unapata shilingi 1,200. Watu walewale 1,000 wangekuletea kama dola 1 kwa AdSense.

Tatizo ni nani atakayelipa kamisheni hiyo kwa nchi uliyopo. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, kwa hiyo linki ya Jumia inamfaa mwenye wasomaji Kenya au Uganda. Oda iliyoghairiwa au kurudishwa usiihesabu kuwa pesa. Amazon Associates, uliopo tangu 1996, una masharti unayopaswa kuyajua kabla ya kujisajili: upate mauzo matatu ndani ya siku 180, la sivyo akaunti inafungwa, kuki yake, yaani alama inayokumbuka kwamba mteja ametoka kwako, hudumu saa 24 tu, na malipo huja takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo. Lazima pia uandike wazi kwamba unapata kamisheni. Kwa blogu yetu ya kuku, Amazon haina maana. Mfugaji wa Singida hataagiza chombo cha maji cha kuku kutoka Marekani.

Ina maana kubwa kwa blogu nyingine kabisa: ile inayoandikwa kwa Kiingereza kutoka Moshi au Arusha kwa wageni wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro. Hao hununua buti, taa za kichwani na mifuko ya kulalia wakiwa kwao, wiki kadhaa kabla ya safari. Kwa blogu hiyo, ongeza na kampuni za kuuza ziara kama GetYourGuide, ambazo nazo hutoa kamisheni. Kama unajua njia ya Machame na ya Lemosho kwa undani na Kiingereza chako ni kizuri, hiyo ndiyo kamisheni yenye tija zaidi kwa mtu aliyeko Tanzania.

Mwenye blogu ya Kiswahili atengeneze kamisheni yake mwenyewe. Mfuate muuza inkubeta wa Dar es Salaam au Nakuru, mkubaliane asilimia 5 kwa kila mteja atakayetaja neno la siri, mathalani KUKU5, na mteja apunguziwe kidogo ili awe na sababu ya kulitaja. Bila punguzo mteja hatalitaja, na hutalipwa. Andikianeni ujumbe unaoonyesha asilimia, siku ya kulipana na nini kitatokea mteja akirudisha mashine. Mwisho wa kila wiki ulizia idadi ya waliotaja neno. Ukiacha mpaka mwisho wa mwezi, muuzaji mwenyewe atakuwa amesahau.

Tangazo la mfanyabiashara wa hapa

Blogu yetu ya kuku ingeanzia hapa. Mwenye kituo cha kutotoa vifaranga hahitaji watu laki moja. Anahitaji wafugaji thelathini wanaotaka vifaranga mwezi huu, na wewe unao. Shilingi 30,000 za Tanzania kwa mwezi, kutoka kwa tangazo moja, ni zaidi ya mara tatu ya zile dola 3 za AdSense. Matangazo matatu yakikaa pamoja, hostingi ya mwaka mzima imeshalipwa.

Mpate kwa namna hii. Orodhesha wafanyabiashara kumi ambao tayari wanalipia matangazo Facebook au Instagram: wauza vifaranga, maduka ya dawa za mifugo, watengeneza vyakula, mafundi wa mabanda. Aliyezoea kulipia matangazo humfundishi kwa nini atangaze. Chukua takwimu za siku 28 kutoka Google Search Console, zikionyesha maneno ambayo watu waliyatafuta mpaka wakakufikia. Picha ya skrini yenye "bei ya vifaranga vya kuroiler" na idadi ya mibofyo pembeni yake ina nguvu kuliko maelezo marefu. Mtumie hiyo kwa WhatsApp pamoja na bei, muda na mahali tangazo litakapokaa.

Toza kwa mwezi, siyo kwa kubofya, kwa kuwa wewe na yeye hamna mtambo wa kuhesabu mibofyo mtakaouamini wote. Mwezi wa kwanza mpe kwa nusu bei badala ya bure. Aliyeanza bure huona bei ya mwezi wa pili kama amepandishiwa. Aliyeanza na nusu anajua bei kamili ni ipi. Pesa ilipwe kabla picha haijapanda.

Picha iwe ya 300 kwa 250 au 320 kwa 100, isiyozidi kilobaiti 100, kwa sababu wasomaji wako wanatumia bando lao kuipakua. Bango la 728 kwa 90 ni la kompyuta. Kwenye simu maandishi yake hayasomeki. Iweke chini ya aya ya pili au mwisho wa makala inayohusiana na bidhaa hiyo. Pembeni, kwenye simu, huwa inashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa ambako hafiki mtu.

Linki ya tangazo ielekee WhatsApp ya muuzaji ikiwa na ujumbe uliokwisha andikwa:

https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari,%20nimeona%20vifaranga%20kwenye%20blogu%20ya%20kuku

Namba ianze na 255 au 254 bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Alama za %20 ni nafasi kati ya maneno. Kila mteja anayetoka kwako atafika akiwa amelitaja jina la blogu, na mwisho wa mwezi muuzaji anahesabu mwenyewe kwenye simu yake. Hakuna ripoti yako itakayomshawishi kuliko hiyo.

Andika neno "Tangazo" juu ya picha. Kwenye linki ongeza rel="sponsored", alama ambayo Google iliianzisha Septemba 2019 kwa linki zilizolipiwa. Ukiziacha linki za kulipwa bila alama, unaiweka nafasi yako kwenye utafutaji hatarini.

Tunaloliomba sana ni umakini kuhusu unayemtangaza. Kuna watu wanaopokea malipo ya awali ya vifaranga kisha wakazima simu, na anayeumia ni mama aliyechukua mkopo wa kikundi akamwamini kwa sababu alimwona kwako. Kabla ya kupokea pesa, omba leseni ya biashara, tembelea kituo au mtume mtu unayemwamini, na uzungumze na wateja wawili waliokwisha pokea mzigo. Ukipata malalamiko mawili ya aina moja, shusha tangazo siku hiyo na urudishe pesa ya siku zilizobaki.

Kuna pia barua pepe zitakazokujia kutoka kwa wageni wakitaka "makala ya mgeni" yenye linki, kwa dola 20 au 50. Nyingi ni za kamari au mikopo ya mtandaoni, na huwa wanasisitiza linki isiwe na alama ya kulipiwa. Kataa. Wananunua sifa ya tovuti yako kwa Google, na ikishaharibika hakuna wa kukurudishia.

Bidhaa au huduma yako

Angalia maswali yanayorudi kwenye maoni na WhatsApp. Kwa blogu ya kuku yatakuwa ya hesabu: "Nina laki tano, nianze na vifaranga wangapi?" Hilo tayari ni bidhaa. Jedwali la Excel au Google Sheets ambalo mtu anajaza idadi ya vifaranga, bei ya mfuko wa chakula wa kilo 50, bei ya chanjo na asilimia anayotarajia kufa, kisha linamwonyesha gharama mpaka siku ya kuuza na bei ambayo chini yake atapata hasara. Ongeza ratiba ya kubandika ukutani ya chanjo za Newcastle, Gumboro na ndui, iliyopitiwa na daktari wa mifugo. Usiiuze kabla hajaipitia.

Kisichouzika ni kitabu cha PDF cha kurasa 120 kilichokusanywa kutoka makala zako na za wengine. Msomaji anajua kwamba maelezo yapo bure. Analipia kupunguziwa kazi ya kufikiri na kukokotoa.

Bei ya shilingi 5,000 hadi 10,000 za Tanzania hulipwa bila kwenda kuomba ushauri nyumbani. Kati ya watu 1,000 waliosoma makala ya mtaji, tukadirie watano wanunue kwa 8,000: ni 40,000, na imeingia kwenye simu siku hiyohiyo. Pokea kwa Lipa Namba, au Till na Pochi la Biashara kwa Kenya, ili mapato yasichanganyike na pesa ya mboga. Ukiwa Kenya, mteja aliyeko ughaibuni anaweza kukulipa kwa PayPal, na tangu 2018 salio la PayPal huhamishika kwenda M-Pesa ya Safaricom.

Usitoe bidhaa kwa picha ya ujumbe wa malipo. Ujumbe wa kughushi hutengenezwa kwa dakika moja, ukiwa na tarehe na salio. Angalia simu yako mwenyewe, na kama mtandao unasumbua, angalia taarifa ya miamala kwenye programu. Kisha mtumie faili lenye jina lake na namba yake ya simu chini ya kila ukurasa. Hilo halizuii kusambazwa, lakini hupunguza, kwa kuwa watu hawapendi majina yao yazunguke kwenye magrupu. Kinga bora ni kulisasisha jedwali bei za chakula zinapobadilika na kuwatumia waliolipia tu.

Huduma hulipa zaidi kuliko faili, ila inakula muda. Kumtembelea mfugaji na kumpangia banda, kumwandikia muuzaji makala za tovuti yake, kumsimamia ukurasa wa Facebook: mteja mmoja anaweza kuzidi mauzo ya faili ya miezi mitatu. Weka ukurasa mmoja wenye orodha ya unachofanya, kisichokuwemo, bei ya kuanzia na namba ya WhatsApp. Bloga wengi huandika "wasiliana nami kwa huduma" bila kutaja huduma yoyote, kisha wanashangaa simu haiiti. Chukua nusu ya malipo kabla ya kuanza.

Kuomba michango ya wasomaji tunaitaja tu. Ukiweza weka namba mwisho wa makala, lakini usiipangie bajeti.

Uchague ipi sasa

Chini ya kurasa 1,000 kwa mwezi, uza huduma na uendelee kuandika. Tangazo la mtu hapo litamsikitisha. Kati ya 1,000 na 20,000, wafuate wafanyabiashara watatu na uandae bidhaa moja ndogo. Kamisheni iingie pale tu unapoandika makala za kulinganisha vitu vya kununua. Ukivuka 100,000 na wengi wakatoka Google, omba AdSense na uache matangazo ya wenyeji kwenye nafasi bora, AdSense ijaze zilizobaki. Kati ya 20,000 na 100,000 ni suala la mada: blogu ya habari za ajira iombe AdSense mapema, blogu ya kuku iendelee na wauza vifaranga.

Domeini ya .com huwa dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Inunue kabla ya kumfuata mfanyabiashara wa kwanza, kwa sababu anwani ya bure humfanya ashuke bei.

Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizoandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Ukichapisha habari na matukio, wasiliana na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kuhusu leseni kabla ya kupokea tangazo la kwanza. Kenya, tangu Julai 2023, malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na ndani yake mna udhamini, kamisheni na mauzo; kampuni ikikukata, hakikisha makato yameonekana kwenye iTax yako kwa PIN ya KRA uliyoitoa. Kwa nchi zote mbili fungua jedwali moja lenye tarehe, jina la aliyelipa, kiasi, makato na namba ya muamala, na ulijaze siku pesa inapoingia, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa hupotea simu ikiibiwa.